Mama anakuja miezi mitatu, nimemwambia mwenzangu ahame

Shikamoo Somo,

Nina miaka 34, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na sasa ni muuguzi huku Baltimore, Marekani. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba. Baba alipofariki mzigo wote ulinishukia: karo ya wadogo zangu, kodi ya nyumba, dawa za mama za sukari na presha. Silalamiki. Mama alitulea kwa mahamri na mbaazi za nazi alizokuwa akiuza mlangoni alfajiri, na kila senti ninayomtumia najua ilikotoka.

Ninaishi na mwanamume. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapa hapa Baltimore, mwalimu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wetu wa tano. Nyumba ni yake, aliachiwa na nyanya yake. Ni moja ya zile nyumba za mji huu zilizoungana ukuta kwa ukuta, ngazi za marumaru mbele, vyumba viwili juu, jiko chini. Mimi nilihamia na masanduku mawili na mswala.

Kila Jumapili jiko hilo hujaa watu. Tuko sita, wote weusi, wote mashoga, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Mmoja ni wa Charleston, South Carolina, hupika wali mwekundu wa nyanya. Mmoja ametoka New Orleans, mchuzi wake ni mzito, wa bamia na kamba. Yuko Mtrinidad na pelau yake: kuku aliyegeuzwa kwenye sukari iliyoungua, mbaazi na tui la nazi. Mkubwa wetu, mtu wa miaka sitini na kitu, hukaanga samaki kwa unga wa mahindi na kumlaza juu ya mkate mweupe na pilipili ya chupa. Mwenzangu hupika mboga, majani mapana ambayo ukiyaona utasema ni sukuma wiki iliyopitiliza. Zamani aliyachemsha na nguruwe wa moshi, kama alivyofunzwa na nyanya yake. Nilipoingia nyumba ile alinunua sufuria mpya, akasema hii nguruwe haitaigusa, akahangaika mpaka akapata shingo za bata mzinga za moshi kwenye duka la halali. Sikumwomba.

Baba alipofariki sikuweza kusafiri kwa sababu ya makaratasi yangu ya uhamiaji. Wenzangu hawa ndio waliokaa matanga na mimi. Hawakujua mambo yetu, waliniuliza, nikawaambia. Walisukuma viti, wakatandika chini, wakapika na kuosha vyombo. Mimi nikasoma Yasini peke yangu na wao wakakaa kimya mpaka nikamaliza.

Sasa mama. Mama anamjua mwenzangu kama mwenye nyumba wangu. Wanajuana kwa simu ya video, maana siku moja alimwona nyuma yangu akikoroga mchele wa pilau akapiga kelele, "Mwambie asikoroge, atauvunja!" Tangu hapo akawa mwalimu wake. Amemfundisha kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha rangi ya kahawa, bizari nzima itwangwe na kitunguu saumu, na wali upaliwe. Makaa ya kuweka juu ya kifuniko hatuna, basi yeye hupalia kwa oveni, na mama anamcheka. Kila nikipiga simu, kabla hajaniuliza hali yangu ananiuliza, "Kijana mpishi hajambo?"

Mama amepata viza. Anakuja mwezi ujao, atakaa miezi mitatu. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Mjomba amempa picha ya binti wa Malindi aniletee, ati nichumbie nikiwa huku. Nikamwambia mwenzangu ahamie kwa yule mkubwa wetu kwa miezi hiyo mitatu, na Jumapili zetu zihamie huko huko. Nilimwambia ni kwa ajili ya mama tu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Nitampikia mama yako kila siku ya Mungu, lakini sihami nyumbani kwa nyanya yangu." Tangu siku hiyo tunaongea kama wapangaji. Marafiki wamegawanyika. Wa Charleston anasema mama ni mama, mwenzangu avumilie. Mtrinidad anasema akitoka yeye, hatakanyaga tena kwangu. Mkubwa wetu alisema kitu kimoja tu. Alisema mama yake alimfukuza akiwa na miaka 17, na ni yeye aliyerudi kumwogesha alipougua, mpaka akafa, na muda wote huo hawakulizungumza lile jambo. "Sijui kama nilimsaidia kwa kunyamaza," akasema, akainuka akaenda zake. Jumapili iliyopita chakula kilipikwa na hakikuliwa.

Kuna jambo la mwisho. Mwaka jana mwenzangu aliniuliza kama nitafunga naye ndoa. Nilimwambia tungoje mama apone. Kabla ya hapo nilisema tungoje mdogo wangu amalize chuo.

Somo, radhi za mama ndizo nilizonazo duniani. Nifanyeje?

Mtoto wa Majengo, Baltimore

*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika mengi kwa upendo, na katikati yake kuna maneno matatu uliyoyapita haraka: nyumba ni yake. Nitaanzia hapo. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mgeni wako hajapanda hata ndege, tayari umemwambia mwenyeji afunge virago. Mtu yule kaachiwa nyumba na nyanya yake, kakukaribisha na mswala wako, kakununulia sufuria yako, na siku yako ya furaha ilipofika, furaha hiyo ikawa ndiyo ya kumtoa nje. Sidhani ulikusudia ubaya. Uliogopa, na mwenye hofu husukuma aliye karibu. Lakini nenda leo ukamwombe radhi. Usimwambie "samahani kama nimekuudhi." Mwambie, "Nilikuambia utoke nyumbani kwako, na sikuwa na haki hiyo." Halafu nyamaza umsikilize, hata kama atasema kwa muda mrefu.

Tukija kwa mama, najua unangoja nikuambie umweleze au usimweleze. Sitakuambia umweleze. Wako watu wa huko uliko watakaokwambia kwamba usiposema wewe ni mwoga. Wanasema kwa nia njema, lakini wao hawarudi Majengo. Mama yako atarudi. Atarudi kwenye nchi ambayo vifungu 162 na 165 vya sheria za adhabu bado vipo, kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilipoombwa ivifute ilikataa, tarehe 24 Mei 2019. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliporuhusu chama cha watetezi wa watu kama wewe kisajiliwe, Mombasa watu waliandamana. Sheria hiyo haitamgusa mama. Maneno ya watu ndiyo yatakayomgusa: barazani, kwenye chama chake cha akina mama, kwa mjomba mwenye picha mkononi. Wewe una watu watano wa kukaa nao Jumapili. Yeye, siri hiyo, atakaa nayo na nani?

Tena fikiria mahali atakapokuwa. Nchi ya ugenini, hajui njia, hana rafiki yake wa kumkimbilia, dawa zake ziko kwenye friji yako. Ukimwambia pale, humpi hata nafasi ya kukasirika. Mtu akipewa habari nzito anahitaji mlango wa kutokea, akatembee, akalie, arudi. Kama siku ya kumweleza itafika, ifike akiwa na mlango huo.

Lakini kunyamaza ni kitu kimoja na kutengeneza uwongo ni kingine, na wewe ulikuwa unaelekea kwenye cha pili. Umhamishe mtu, uondoe picha ukutani, uwafunge midomo watu wanne, ubadilishe Jumapili, halafu miezi mitatu umwangalie mama usoni asubuhi na jioni? Mapenzi ni kikohozi. Na mama yako si mtu wa kudanganywa na nyumba iliyofagiwa. Kwa simu tu, toka Mombasa, aliona mchele unakorogwa. Akifika akaambiwa kijana mpishi kahama, swali lake la kwanza litakuwa, "Mmegombana nini?" Utamjibu nini?

Mwache amkute. Siku ya kwanza, mlangoni, mwambie: "Mama, huyu ndiye mwenye nyumba. Ndiye mtu wangu wa karibu kuliko wote huku. Baba alipokufa alikaa matanga na mimi." Hakuna neno la uwongo hapo, na hakuna ulilomlazimisha mama alipokee. Atachukua kiasi anachoweza kubeba siku hiyo.

Kuhusu kulala: vyumba ni viwili. Chumba kimoja ni cha mama. Kama mwenzako ataridhia, na akiridhia tu, mmoja wenu alale sebuleni kwa muda huo. Atakayelala kwenye kochi ni wewe. Si yeye. Ni mama yako, ni ombi lako, na mgongo utakaouma uwe wako.

Je, akikuuliza? Maana anaweza kukuuliza wazi, usiku mmoja, mmekaa wawili, "Mwanangu, huyu ni nani wako?" Hapo usimdanganye. Mama akishauliza kwa kinywa chake ameshachagua kujua, na ukimwambia ni rafiki tu utakuwa umemfungia mlango alioufungua mwenyewe kwa tabu. Mjibu kwa upole, kwa Kiswahili chenu, bila hotuba. Siwezi kukuahidi atakachosema. Wako mama wanaolia wakanyamaza wiki nzima, wako wanaolaani, wako wanaosema "nilijua" wakaomba chai. Jiandae kwa lolote: tiketi iwe ya kubadilishika tarehe bila gharama kubwa, na awepo mtu mmoja wa damu yako, kama yuko mdogo wako unayemwamini, wa kumpigia simu na kumwambia mama amekwazika, zungumza naye.

Nataka nikutajie watu wawili, mama mmoja na mtoto mmoja, kwa sababu wanatoka pande zako zote mbili.

Mtoto ni Binyavanga Wainaina wa Nakuru, mwandishi. Januari 2014 aliandika maneno ya kumwambia mama yake kwamba yeye ni shoga. Mama alikuwa amekufa tangu mwaka 2000. Aliandika kana kwamba amefika kitandani pake akiwa bado hai, amemshika mkono, anamwambia. Ukweli ni kwamba hakufika na hakusema. Binyavanga mwenyewe alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya hukumu ile niliyoitaja. Sikutajii kukutisha kwamba muda unakwisha. Nakutajia kwa sababu wewe bado una mama wa kuuliza na kujibu, na miezi mitatu ya kukaa naye jikoni, jambo ambalo yeye alilitengeneza kwa kalamu tu.

Mama ni Dorothy Beam wa Philadelphia, mji ulio saa mbili hivi kwa gari kutoka kwako. Mwanawe Joseph alikuwa akikusanya maandishi ya mashoga weusi wenziwe ili yatoke kitabu. UKIMWI ukamuua mwaka 1988, kazi ikiwa katikati. Rafiki yake, mshairi Essex Hemphill, alikwenda akaishi nyumbani kwa yule mama wakaifanya kazi hiyo pamoja, na kitabu kikatoka mwaka 1991. Fikiria: mama aliyefiwa, kijana asiye wa tumbo lake, nyumba moja, na makaratasi ya marehemu yamejaa mezani. Sikwambii mama yako atakuwa Dorothy. Nakwambia usimkatie hukumu kabla hajafika.

Binti wa Malindi: hapo sina upole. Picha ikitolewa kwenye sanduku, mrudishie mama siku hiyo hiyo umwambie, "Mama, mimi sioi. Mwambie mjomba asimpotezee muda mtoto wa watu." Usiseme "nitaangalia." Usiseme "bado." Kwetu "bado" ni ndiyo inayongoja nauli. Msichana yule ana ndoto zake na ana wachumba wengine wa kuwajibu. Wako wanaume waliooa ili mama aridhike, na barua za wake zao huja kwenye safu hii hii. Zinaumiza kuzisoma. Mwanamke analala miaka na mtu asiyemgusa, anadhani kasoro ni yake. Usimfanyie mtu hivyo kwa jina la radhi.

Sasa jikoni, maana huko ndiko mtakakokaa muda mwingi kuliko kwingine.

Wewe ni muuguzi, lakini mbele ya mama watoto husahau kazi zao, kwa hiyo nitasema. Insulini, kama anatumia, isiende kwenye sanduku la chini la ndege, huko huweza kuganda ikaharibika. Ikae mkobani na barua ya daktari. Baltimore na Mombasa wanaachana saa saba au nane kutegemea majira, basi daktari wake ampangie ratiba ya sindano kabla hajaondoka. Mkatie bima ya afya ya wageni kabla hajapanda ndege, na usome vizuri kama inahudumia sukari na presha alizokuwa nazo tangu zamani, maana nyingi huzibana hizo au huziacha kabisa. Bili ya siku chache hospitalini huko inaweza kula karo ya wadogo zako wote. Ukiwa na mpango huu mkononi, hofu yako nusu itapungua, kwa sababu sehemu ya unachoita hofu ya siri ni hofu ya kawaida ya mtoto anayempokea mzazi mgonjwa.

Chakula cha wenzako, mwambie mwenzako awaeleze mapema. Makaroni ya jibini, mikate ya mahindi yenye sukari, pai za viazi vitamu, vyote hivyo kwa mama ni kuonja. Lakini angalia vilivyobaki. Samaki wa mkubwa wenu, aliyepakwa unga wa mahindi akakaangwa mkavu, atampenda bila kubembelezwa. Aondolewe tu ule mkate mweupe, akamuliwe ndimu. Bamia anaijua. Pelau ya Mtrinidad itamshangaza: mbaazi alizouza maisha yake yote, tui lile lile, na kuku mwekundu wa sukari iliyoungua. Mwambie Mtrinidad asichome sukari nyingi, na ajiandae kuhojiwa. Mboga za mwenzako ni ndugu wa sukuma wiki kabisa, tofauti ni jiko tu: sisi tunaikata nyembamba na kuipitisha motoni dakika chache, wao wanaichemsha zaidi ya saa mpaka inalegea na mchuzi wake unanyweka. Mama atasema imeiva kupita kiasi. Mwenzako asikasirike. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mama yako ni mwiko: Jumapili ya pili mpe jiko lote, awatume hao wanaume sita kukuna nazi na kumenya vitunguu. Mwanamke aliyelisha mtaa alfajiri, ukimketisha miezi mitatu kwenye kochi atazeeka mbele ya macho yako. Na usimamie mwenyewe kwamba sufuria ya nguruwe haionekani siku hizo. Mwenzako ameshakuonyesha kuwa jambo hilo si zito kwake.

Kwa marafiki zako: kugawanyika kwao nakuona ni dalili njema. Wanagombania nyumba yako kwa sababu wanaiona ni yao. Wa Charleston hajakosea, mama ni mama. Mtrinidad naye hajakosea. Ila mtu uliyemfanya ndugu wakati wa msiba huwezi kumfanya mtu baki mama anapokuja. Hao walitandika chini wakakaa matanga ya baba yako. Watu waliokaa matanga na wewe wanastahili kutambulishwa kwa wazee, wazee wawashukuru. Mama yako ana haki ya kuwashukuru hao vijana, na wewe ulitaka kumnyima haki hiyo. Waite, waeleze hofu yako, uwaombe heshima ya mezani, yaani lugha na mizaha vipimwe mbele ya mtu mzima. Hilo watu wazima huombana. Usiwaombe wajifute.

Na yule mkubwa wenu, mtembelee peke yako. Aliposema hajui kama alimsaidia mama yake kwa kunyamaza, hakuwa akikupa ushauri. Alikuwa amebeba kitu. Mpelekee chakula umwache aongee.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonisumbua zaidi kwenye barua yako. Mwenzako alikuuliza kuhusu ndoa, ukasema mpaka mama apone. Kabla yake, mpaka mdogo wako amalize chuo. Sukari haiponi, mwanangu, wewe unajua kuliko mimi. Na wadogo ni zaidi ya mmoja. Sioni kama mama ndiye anayekuzuia. Naona umelichukua jina lake ukalifanya mlango wa kujifungia, na kila mwenzako akibisha unamjibu mama yuko ndani. Kumtunza mzazi ni wajibu, na wewe umeutimiza. Endelea kutuma pesa, lakini mwenzako ajue ni kiasi gani na kwa miaka mingapi, kwa sababu bajeti ya nyumba ile ni ya watu wawili. Wajibu huo haukuwahi kukuomba umweke mtu mwingine kwenye ngazi za marumaru akingoja.

Bayard Rustin, Mmarekani mweusi aliyeyapanga maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi, tarehe 28 Agosti 1963, alikuwa mtu kama ninyi. Uzeeni alipotaka mwenzake, Walter Naegle, alindwe na sheria, ndoa haikuwepo kwa wanaume wawili. Njia pekee waliyoipata ilikuwa Rustin amwasili Naegle kama mtoto, mwaka 1982. Serikali ilituma mtu aje akague nyumba yao, na mama mzazi wa Naegle alibidi atie sahihi karatasi ya kumkana mwanawe kisheria. Kwao, kumpata mwenza kulimaanisha mama asaini hivyo. Maryland imeruhusu ndoa yenu tangu tarehe 1 Januari 2013. Hakuna anayekudai karatasi ya mama, wala baraka yake, wala kujua kwake. Swali liko kwako peke yako.

Basi mjibu kabla ndege ya mama haijatua. Kama ni ndiyo, semeni ndiyo na mpange tarehe baada ya mama kurudi, mkitaka. Kama ni hapana, mwambie hapana, naye ataamua kama bado anataka kumpikia mama yako chini ya paa lile. Amesubiri mwaka mzima, na nyumba ni yake.

Somo